Fundi wa Gemu

Siku tatu nzima Siwema alikuwa ameifungua mashine ya gemu juu ya meza, akiisugua kutu kwa mswaki na spiriti. Mumewe, Badi, alimcheka. "Ukiiwasha hiyo, mimi mwenyewe nitakupeleka dukani kwa Shaweji, akupe kazi ya ufundi."

Jumapili asubuhi Siwema aliunga waya wa mwisho kwa chuma cha kulehemu, akabonyeza swichi. Taa ya kijani ikawaka. Kabla hajaita mtu, Badi akaingia, tena na Shaweji mwenyewe.

Shaweji akatumbua macho. "Si uliniambia hii imekufa? Nani kaifufua?"

Siwema alifungua mdomo.

"Aa, nimehangaika nayo kidogo," Badi akawahi kusema, huku anavuta kiti.

"Kumbe fundi ni wewe, na mimi natafuta mtu! Kesho uanze dukani."

"Mama Nuru, maji ya mgeni," Badi alimwambia Siwema bila kumtazama.

Siwema akaenda jikoni. Nyuma ya pazia akamsikia Shaweji akitoa kitu mfukoni. "Hii pedi ya gemu ya mteja, vitufe vyake havishiki. Hebu iguseguse hapa hapa, fundi, nikuone mkono."

Chuma cha kulehemu kikaanguka mezani.

"Mama Nuru," Badi aliita, sauti imekuwa laini ghafla. "Hebu njoo mara moja, mke wangu."

Siwema alifungua bomba mpaka mwisho, mlio wa maji ukaimeza sauti ya Badi. Jagi chini yake likajaa, likafurika, maji yakaanza kutambaa sakafuni kuelekea kwenye pazia.