Karai la Sanatu

Fundi Nimako alimpima Sanatu mabega kwa utepe, karai lililojaa vyuma likiwa bado kichwani mwake.

"Unanishonea gauni, mwanangu?"

"Mimi nashona chuma tu, mama. Simama wima."

Akapima na karai, ukingo hadi ukingo, akaandika ukutani kwa chaki. Sanatu hakuuliza zaidi. Siku hizo aliogopa maswali, maana swali huzaa jingine, na lipo moja ambalo hakutaka kabisa lizaliwe: shingo inaendeleaje?

Shingo ilikuwa imechakaa. Kila asubuhi aliigeuza kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu afunguaye kifuniko kilichoshika kutu. Lakini kwao Savelugu kulikuwa na wajukuu wanaokula kwa kichwa hicho, na mchukuzi mwenye shingo mbovu haitwi tena. Kwa hiyo alicheka sana, watu wasisikie anavyoguna.

Pale Suame, mtaa wa mafundi wa chuma, hakuna karakana inayojua kila kitu. Oduro huyeyusha chuma na kukimimina, Boakye hukereza, Nimako huchomelea. Mtu akitaka mashine ya kusaga karanga, inazaliwa vipande vipande, na kila kipande husafiri juu ya kichwa cha Sanatu, kwani vichochoro vimebanwa na mabanda, gari halipiti. "Sisi ni vidole," Oduro alizoea kusema, "kiganja ni Sanatu."

Safari hii wote watatu walishirikiana katika kazi moja, kila mmoja ametoa chuma chake na jasho lake, na hakuna aliyesema ni ya nani. Sanatu akadhani tu ni mashine ya tajiri fulani. Alibeba pete nzito kutoka kwa Oduro. Alibeba mtaimbo kutoka kwa Boakye. Alibeba na injini, akaona nyota mchana.

Boakye alimshusha mzigo huo, akamtazama anavyohema.

"Mama, njiani huwa unapumzikia wapi?"

"Nipumzike, kwani mimi mgonjwa?"

Boakye akamtazama Nimako. Nimako akajifanya anatafuta nyundo.

Siku ya kumalizia, Nimako alikuja mapema kuazima karai lake, akamwambia leo asibebe kitu cha mtu. Sanatu alimpa, angefanyaje. Akashinda kwenye benchi la muuza wali na maharage, ngata yake ya kichwani ikiwa mapajani, akiwatazama wanawake wenzake wakipita na mizigo. Muuza wali akamtania kwamba leo amekuwa mke wa chifu. Akacheka, kwa sauti kama kawaida.

Wakamwita jua likiwa limepoa. Mafundi wote watatu walikuwa wamenawa na kuvaa mashati safi. Oduro akamwaga tone la kinywaji chini kwa ajili ya wazee wake waliotangulia, kisha akamgeukia.

"Mama, ulidhani hatuoni? Tukaulizana, sisi wanaume watatu wenye moto na nyundo, tunashindwaje na shingo moja?"

Sanatu akahisi machozi. Kumbe waliona, na hawakumfukuza.

Nimako akavuta turubai.

Kilikuwa kigari chembamba cha magurudumu matatu, upana wake kama wa mtu mwenye karai. Ubavuni wameandika jina lake kwa rangi nyekundu. Kwenye usukani alikuwa ameshakaa shemeji wa Boakye, na nyuma yake, mahali pa mzigo, karai lilikuwa limechomelewa lisitoke tena.

"Mizigo ataibeba huyu. Sasa nenda nyumbani ukapumzike," Oduro akasema, machozi yakimlengalenga kwa furaha.

Mafundi wakapiga makofi. Sanatu akaibana ngata kwapani, akapiga nao.