Swali la Shangazi

Simu ya mwandishi wa kujitegemea ilikuwa mbovu. Haikusikika sikioni, ilisikika nyumba nzima. Na leo aliyekuwa hewani ni mkurugenzi wa maji, huku mhariri akiitaka habari kabla ya saa kumi.

"Suala hilo tunalifanyia kazi," mkurugenzi alisema kwa mara ya sita.

Ukurasa wa daftari ulikuwa mweupe pe, ukiacha doa la chai.

Shangazi mtu alitokea mlangoni na ndoo tupu, uvumilivu umemwisha.

"Hebu muulize," akapaza sauti, "yeye mwenyewe leo kaoga?"

Mwandishi aliirukia simu, akaifunika kwa viganja vyote viwili. Wapi! Swali lilishafika.

Kisha viganja vikaanza kumtekenya: simu ilikuwa inatetemeka kwa kicheko cha mkurugenzi.

"Siku ya tatu hii sijaoga," mkurugenzi alisema. "Na sababu ninayo hapa mezani, kwa maandishi. Huyo aliyeuliza ni nani?"

"Mwenzangu kazini, mheshimiwa."

Shangazi aliipindua ndoo, akaikalia, akaivuta simu karibu.

"Haya, baba," alisema. "Tuanze upya."