Kelele kwenye Gari la Maudie

Gereji ya Verlyn Stroud haikuwa na mlango tangu Machi. Aliung'oa mwenyewe kwa nyundo, akauchoma nyuma ya nyumba. Majirani wa mtaa ule wa mji wa Flint walidhani anatafuta nafasi ya kupitishia injini.

Injini yenyewe ilikuwa ya mashindano, ile iliyompa vikombe vyote enzi za ujana wake. Sasa, mchana wa Jumapili ya Septemba, ilining'inia kwa mnyororo juu ya gari la marehemu mkewe, Maudie, gari la kifahari la mwaka 1964, rangi ya maziwa, lenye viti vipana kama kitanda. Kusema kweli, gari la aina ile halikuumbwa kukimbia. Liliumbwa kufika.

Carlene, binti yao wa pekee, aliacha gari lake barabarani akaja mguu mosi mguu pili. Jirani yao Buell ndiye aliyempigia simu.

"Njoo umwone baba yako," alimwambia. "Bibi harusi anavishwa buti."

Injini ya zamani ya gari hilo ilikuwa sakafuni, imefunikwa blanketi. Carlene aliinama akaliweka sawa blanketi. Ile ndiyo iliyokuwa fahari ya nyumba. Baba aliirekebisha miaka miwili mizima iwe zawadi ya Maudie alipotimiza sitini. Kila mgeni alifunguliwa boneti aone sarafu ikisimama kwa ukingo wake juu ya injini inayofanya kazi, bila kutikisika. Maudie alikuwa nesi. Akitoka zamu hospitali alijilaza humo robo saa, injini na kipasha joto vikiwaka, ndipo aingie ndani. Mlango wa gereji aliuacha wazi hata theluji ikianguka, mumewe anung'unike asinung'unike.

Februari walimkuta humo humo, amejilaza, gereji imefungwa, moshi umetanda.

Polisi waliuliza maswali machache wakaondoka. Kanisani watu walishusha sauti kila Carlene alipopita. Naye hakuhitaji kuambiwa. Mama yake alijua vizuri kuliko wote moshi unafanya nini, na mtu wa namna hiyo hafungi mlango kwa kusahau.

"Rudisha ile ya zamani," Carlene alisema. "Hii italipasua gari. Gia hazitaiweza, breki hazitaiweza. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Najua."

"Sasa unalifanyia nini gari la Mama?"

Verlyn aliushika mnyororo injini isiyumbe. "Lilikuwa kimya mno," alisema.

Carlene alicheka, kicheko kichungu. Alimwambia kwamba kimya hicho ndicho alichokipenda Mama, ndicho pekee alichowahi kukipata katika nyumba ile, na kama baba yake alichoka kuliona gari, basi ampe yeye alipeleke kwake Toledo likae kama lilivyoachwa. Verlyn alitikisa kichwa. Hakuna mtu, alisema, atakayepanda tena gari lile likiwa halisikiki.

Ndipo likamtoka Carlene lile alilolibeba miezi saba.

"Nimepekua kila droo, Baba. Mikoba yake, koti la kazini, mpaka chini ya mazulia ya gari. Hakuniachia hata mstari mmoja. Ulimfanya nini Mama mpaka akaona bora atuache?"

Mzee aliishusha injini taratibu mpaka ikatua. Akachukua kitambaa, akajifuta mikono, kidole kimoja kimoja, kwa muda mrefu kuliko mafuta yaliyokuwapo yalivyohitaji. Carlene alijuta kidogo, lakini hakuyarudisha maneno yake. Alitaka jibu.

"Hakuna barua, mwanangu," Verlyn alisema mwishowe. "Usiitafute tena."

"Unajuaje?"

Aligeuka akatazama mahali mlango ulipokuwa, pale bawaba zilipoacha matundu kwenye mbao.

"Nilipita hapa jioni ile, baridi ikikata mifupa. Gari nililiona, injini sikuisikia. Nikajua ameshaingia ndani kulala." Alikikunja kile kitambaa. "Nikaufunga mlango."