Vinukta vya Penseli

Fundi alilowesha kidole kwa mate ili afute kinukta cha penseli kwenye mlango wa kabati la jikoni, apime upya. Mzee mwenye nyumba akamdaka mkono.

"Usifute. Hizo ni alama za mama watoto."

Mkewe alivitia vinukta hivyo mwenyewe, kila mlango na kila droo, huku amejishikilia kwenye sinki kwa sababu miguu ilishamwishia nguvu. Vishikio alivyochagua vimefika leo, wiki tatu baada ya maziko yake.

Fundi akavitazama vile vinukta. "Viko chini mno, tena vimepishana. Vishikio vitakaa upogo, mzee."

"Vikae."

Basi fundi akawasha drili. Vumbi la mbao likamwagika sakafuni, na pale palipokuwa na penseli pakabaki tundu.

Hapo ndipo mzee alipoelewa. Alisimama akiangalia tundu moja baada ya jingine, mpaka ikabaki droo ya vijiko peke yake. Akaifunika kwa kiganja.

"Hii iache."

"Sasa utaifungua vipi, mzee?"

"Kwa kucha."