Jumanne ya Mwisho ya Sajini Mmoloki

Walikibomoa kituo cha polisi cha Sajini Mmoloki mwenyewe akiwa bado amevaa magwanda. Fundi mmoja aling'oa mlango wa mahabusu, akautia kwapani kama mkeka, akamwomba apishe. Sajini akapisha. Alikuwa amechoka hata hasira zilimshinda.

Jina lake hasa ni Tshegofatso. Miaka kadhaa alikuwa akionekana dakika mbili tatu katika Doria ya Usiku, tamthilia ya polisi inayopendwa nchi nzima, akiwapelekea wakubwa chai na majalada. Watu wakampenda yule sajini mwenye mdomo. Watu wa televisheni wakaona wampe tamthilia yake mwenyewe, mtoto wa ile kubwa, kila Jumanne jioni. Mtoto hakufikisha hata mwaka. Leo inarushwa sehemu ya mwisho, na kule Doria ya Usiku nafasi yake ilishapata mtu mwingine, binti mbichi anayejua kucheka.

"Hasa nani katukataa, Thapelo?" alimuuliza mtayarishaji, aliyekuwa akikunja nyaya mwenyewe maana wasaidizi walishaachishwa kazi.

"Visanduku, dada. Kuna nyumba zimechaguliwa kimyakimya, zikawekewa kisanduku kwenye TV. Ukikaa kutazama, unabonyeza kitufe chako. Nyumba moja inahesabiwa kama maelfu. Na huku kwetu visanduku vyenyewe ni vya kutafuta kwa tochi."

"Si twende tukawabembeleze?"

"Utawapata wapi? Wameapishwa wasimwambie hata mchungaji." Thapelo akautupa waya ndani ya gari. "Na tulikosa nyumba moja tu, Tshego. Moja! Hiyo ingewasha, saa hizi tunasaini msimu wa pili."

Alivua magwanda, akayakunja, akayaacha juu ya kiti ambacho nacho kilikuwa kinasubiri kubebwa. Kisha akaendesha gari mpaka Ikageng, kwa mama yake. Njia nzima hakuwasha redio. Kazi aliwahi kuikosa, akaishi. Kilichokuwa kinamla ni fedheha. Ameigiza kwa moyo wake wote, kwa lugha ya kwao, kwa ajili ya watu wa kwao, na watu wenyewe wamekaa zao wakitazama mpira. Alitaka kujua kitu kimoja: kama kuna mtu hata mmoja aliyemtazama.

Mlango wa mama ulikuwa umefungwa na taa zimezimwa. Nyumba ya pili, giza. Ya tatu, giza. Akasimama katikati ya mtaa, na hapo ndipo alipoisikia sauti yake mwenyewe ikimfokea mwizi. Ilitoka kwa Mma Seleke, jirani wa ng'ambo ya barabara.

Akasukuma mlango. Watu walijaa sebuleni mpaka jikoni: wazee kwenye mabenchi ya kanisa, watoto sakafuni, sinia la magwinya, maandazi ya kwao, likipita juu ya vichwa. Mbele yao ilining'inia TV pana kama meza ya harusi. Mama yake alikaa mstari wa kwanza, amevaa nguo za ibada.

"Sogea wewe, unamziba Sajini," mama alisema bila kugeuka.

"Mama, ni mimi."

"Najua ni wewe. Sogea, unajiziba."

Akakaa sakafuni na watoto. Sajini Mmoloki alipoziba mlango kwa mwili wake kumzuia muuaji asitoroke, hakuna aliyetafuna. Alipomtia pingu, walipiga vigelegele mpaka mbwa wa mtaa wakaitikia. Na maandishi ya mwisho yalipoanza kupanda, Mma Seleke alilia waziwazi.

"Wanatunyima kwa nini? Kwani sisi si watu?" alisema, akipenga kamasi. "Sajini, kabla hujaacha kazi nikamatie huyu mume wangu. Kanimalizia bia."

"Mlikuwa mnatazama kila wiki?" Tshego aliuliza.

"Tungeanzaje kukosa? Mama yako anapita nyumba kwa nyumba! 'Zimeni vijiredio vyenu vyenye picha, njooni kwenye TV ya maana, mwanangu anaanza.' Usipokuja, Jumapili kanisani hakusalimii."

"Sasa nimtazame mwanangu peke yangu, mlango nimefunga, kama mchawi?" mama alisema. "Mtoto wa mtaa anatazamwa na mtaa."

Tshego akacheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka. Hakuyafuta. Uchovu wote wa miezi ile ulimshuka mabegani, akajiona mwepesi. Walimtazama. Mtaa mzima ulimtazama. Hao wa visanduku, popote walipo, Mungu awasamehe.

Walivuka barabara wameshikana mikono. Nyumbani, mama akaingia jikoni kubandika chai. Tshego akatafuta pa kuchajia simu, akafunua kitambaa cha kufuma kilichofunika TV ndogo ya mama. Nyuma yake palikuwa na kisanduku cheusi chenye vitufe. Cha kwanza kilikuwa kimechakaa kwa kubonyezwa.

"Acha hicho!" Mama alikuja mbio, kijiko mkononi, akaishusha sauti kana kwamba kuta zina wageni. "Na usiniulize, niliapa. Ni cha watu wa Johannesburg. Wanataka kujua natazama nini." Akakirudishia kitambaa chake, akakinyoosha vizuri, akamkonyeza binti yake. "Ila Jumanne hawanipati. Jumanne nazima kila kitu, nakwenda kukutazama wewe."