Kasa Aliyetaka Mtoto wa Kiume

Kasa Dume alikuwa mlalamishi. "Mama watoto, kila msimu mabinti tu. Ukoo utaendelezwa na nani?"

"Mchanga wa pale juani siku hizi unaunguza," mkewe akajibu kwa uchovu. "Mayai yakipata joto sana hutoka majike matupu. Niache nitage kivulini."

"Mama yangu alitaga pale pale, akanipata mimi."

"Enzi zake mchanga ulikuwa na ubaridi."

Dume hakusikia. Akamwita Kaa awe mshenga, amposee mke wa pili.

"Na huyo atataga wapi?" Kaa akauliza.

"Pale pale pa mama."

"Basi, bwana, utapata mabinti wa mama wawili. Mimi siendi."

Mkewe hakungoja wamalize. Alishafika kivulini, anachimba.