Kibuyu cha Mshindi

Miaka minne ya kufungiwa kwa sababu ya dawa za kututumua misuli ilikuwa imekwisha, na uwanja mzima ulikuwa ukibishana kama Jemeli akimbie tena.

"Amekoma, mwacheni!"

"Mwizi ni mwizi tu!"

Jemeli alipita katikati yao amekumbatia kibuyu cha maziwa ya mgando, kama kile alichopokelewa nacho alipotangazwa mshindi. Akasimama mbele ya Tapkigen, aliyekuwa wa pili siku ile.

"Haya yalikuwa yako, dada. Kunywa."

Tapkigen hakunyoosha mkono.

"Onja wewe kwanza, nikuone ukimeza."

Jemeli akakiinua kibuyu hadi mdomoni, kisha akasita. Akionja, atakuwa amemtangulia tena. Uwanja mzima ukalikodolea macho koo lake.